Kodi ya biashara Ulaya na Marekani: piga hesabu kabla ya kuchagua pa kufungua

Ukiuliza "Ulaya na Marekani, wapi kodi kubwa?" utapata majibu mengi na yote hayakusaidii, kwa sababu hakuna kodi inayoitwa ya Ulaya wala inayoitwa ya Marekani. Hungary inatoza kampuni asilimia 9 ya faida. Ujerumani, ukijumlisha na kodi ya manispaa, katika miji mikubwa inavuka asilimia 30. Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, ilhali California inapanda hadi asilimia 13.3 juu ya ile ya serikali kuu. Pengo la jimbo kwa jimbo, au nchi kwa nchi, mara nyingi ni kubwa kuliko pengo la bara kwa bara.

Kinacholinganishika ni hiki: mtu wa kazi fulani, katika mji fulani, mwenye faida fulani, anabaki na kiasi gani baada ya kulipa kodi, hifadhi ya jamii na bima ya afya. Hiyo bima ya afya ndiyo watu wanaoisahau, na ndiyo inayopindua hesabu. Hapa tutatumia miji mitatu, Houston, Berlin na London, kwa viwango vya mwaka 2025 (kwa Uingereza, mwaka wa kodi ulioanza tarehe 6 Aprili 2025).

Hatua ya 1: Jua mtoza kodi anakuona kama nani

Kabla ya asilimia yoyote, amua umbo la biashara, maana kazi ileile hutozwa tofauti kwa umbo tofauti.

Marekani, ukianza kazi peke yako bila kusajili chochote tayari wewe ni mfanyabiashara binafsi. Faida yako inaandikwa kwenye Schedule C ndani ya ritani yako ya kawaida, fomu 1040. Ukifungua LLC (kampuni yenye dhima ya kikomo) ya mmiliki mmoja, kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hakuna kilichobadilika: LLC haionekani, faida bado ni yako. LLC inakukinga na madeni na kesi, haikupunguzii kodi hata senti. Wengi hulipa ada ya kusajili wakidhani wamenunua nafuu. Tena California wanakudai dola 800 kila mwaka kwa LLC hata kama haijauza kitu, na Delaware dola 300 kila tarehe 1 Juni.

Nafuu inaweza kuja ukichagua kutozwa kama S-corp kwa fomu 2553, ndani ya miezi 2 na siku 15 tangu mwaka wa kodi wa kampuni uanze. Hapo unajilipa mshahara, na faida inayobaki haikatwi hifadhi ya jamii. Masharti mawili huwaangusha watu. Kwanza, mshahara lazima uwe wa kuridhisha kwa kazi unayofanya. Ukijilipa dola 10,000 kwenye faida ya 80,000, IRS wanaweza kugeuza gawio lote kuwa mshahara na kukudai na riba. Pili, mwenye hisa asiye mkaazi wa Marekani kwa mambo ya kodi haruhusiwi kabisa.

Ujerumani swali la kwanza ni kama wewe ni Freiberufler (mtaalamu anayejitegemea) au una Gewerbe (biashara ya kawaida). Daktari, mwanasheria, mhandisi, mwandishi wa habari na mfasiri wako kundi la kwanza, na hawalipi kodi ya biashara ya manispaa. Mwenye duka, mkahawa au kampuni ya usafi yuko kundi la pili. Usiogope sana kundi hilo kama uko Berlin, tutaona chini kwa nini.

Uingereza ni rahisi zaidi: ama sole trader (mfanyabiashara binafsi), ama kampuni yenye Ltd mwishoni.

Hatua ya 2: Tenga mafungu manne, na VAT iweke kando

Chukua karatasi au jedwali la kompyuta, fungua safu moja kwa kila mji. Mistari ni minne: kodi ya mapato, mchango wa hifadhi ya jamii, bima ya afya, na ada au kodi za mtaa. Mstari wa mwisho ni kinachobaki.

VAT haiingii humo. Ni pesa ya mteja inayopita mikononi mwako. Tutairudia peke yake.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mtu mmoja

Tumchukue mfasiri anayejitegemea, hana mke wala mume, hana watoto. Faida yake baada ya gharama ni dola 80,000 akiwa Houston, yuro 70,000 akiwa Berlin, au pauni 60,000 akiwa London. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya 2025 kiasi hizo tatu zinakaribiana.

Houston. Anza na kodi ya kujiajiri, ambayo ndiyo hifadhi ya jamii ya anayejitegemea. Ni asilimia 15.3, na haitozwi juu ya faida yote. Zidisha 80,000 kwa 0.9235 upate 73,880, kisha piga asilimia 15.3: dola 11,304. Nusu yake, 5,652, unaiondoa kwenye mapato kabla ya kodi ya mapato. Sasa bima ya afya: tuseme ananunua mwenyewe kwa dola 550 kwa mwezi, yaani 6,600 kwa mwaka. Bei hii hubadilika sana kwa umri, mtaa na kiasi cha ruzuku, kwa hiyo weka yako. Nayo inatolewa kabla ya kodi. Inabaki 67,748. Toa makato ya kawaida ya 15,750, inabaki 51,998. Toa asilimia 20 ya hiyo, dola 10,400, ambayo ni punguzo la mapato ya biashara lililoanza 2018 na kufanywa la kudumu na sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025. Kinachotozwa kodi ni 41,598: asilimia 10 kwa 11,925 za mwanzo, asilimia 12 kwa zinazobaki. Kodi ya mapato ni dola 4,753.

Texas haichukui chochote hapo. Jumla ya kodi ni 16,057, ukiongeza bima ni 22,657. Anabaki na dola 57,343. Kimetoka asilimia 28.3.

Mhamishe mtu huyo New York City bila kubadilisha kingine: kodi ya jimbo na kodi ya jiji, ambayo peke yake ni kati ya asilimia 3.078 na 3.876, zinamwongezea zaidi ya dola 5,000.

Berlin. Anza na bima ya afya, maana ndiyo nzito. Aliyejiunga kwa hiari na mfuko wa umma, bila malipo ya siku za ugonjwa, analipa asilimia 14, juu yake nyongeza ya mfuko ambayo wastani wake kwa 2025 ni 2.5, na bima ya uangalizi (wa wazee na wasiojiweza) 4.2 kwa asiye na mtoto. Jumla ni asilimia 20.7, lakini ukomo wa kipato kinachokatwa ni yuro 66,150 kwa mwaka. Analipa yuro 13,693, zaidi ya 1,100 kila mwezi. Kiasi hicho kinatolewa kabla ya kodi, inabaki karibu 56,270, na kwa fomula ya 2025 kodi ya mapato ni yuro 12,985. Nyongeza ya mshikamano, kodi ya ziada ya wenye kipato kikubwa, haimfikii. Kodi ya kanisa, asilimia 9 ya kodi ya mapato huko Berlin, inamhusu tu aliyeandikishwa kuwa muumini wa kanisa linalotoza. Wageni wengi hujaza kisanduku cha dini siku ya kusajili makazi bila kujua wamejaza nini.

Jumla 26,678. Anabaki na yuro 43,322. Kimetoka asilimia 38.1.

Kama badala ya ufasiri angekuwa na duka, angelipa kodi ya manispaa: toa msamaha wa 24,500, zidisha kwa asilimia 3.5, kisha kwa kizidisho cha mji. Berlin kizidisho ni asilimia 410, kwa hiyo ni yuro 6,529. Lakini kodi yake ya mapato inapunguzwa hadi mara nne ya kiasi cha msingi, yaani 6,370. Mzigo halisi ni yuro 159. München kizidisho ni 490 na punguzo ni lilelile, kwa hiyo huko kinachobaki kinauma.

London. Hapa hesabu inaisha kabla chai haijapoa. Pauni 12,570 za mwanzo hazitozwi. Zinazofuata 37,700 ni asilimia 20, yaani 7,540. Zilizozidi 50,270 ni pauni 9,730 kwa asilimia 40, yaani 3,892. Mchango wa taifa (National Insurance, yaani hifadhi ya jamii) ni asilimia 6 kwa kipande cha kati na asilimia 2 kwa kilichozidi: 2,457. Bima ya afya hakuna, NHS, huduma ya afya ya umma, inalipiwa na kodi hizohizo. Jumla 13,889, anabaki na 46,111. Kimetoka asilimia 23.1.

Kwa hiyo mfasiri wa London, mji wa Ulaya, anatoa sehemu ndogo kuliko wa Houston, na wa Berlin anawashinda wote wawili kwa kutoa. Sasa badilisha jambo moja tu: mfasiri wa Houston yuko kwenye bima ya mwajiri wa mzazi wake na hailipii chochote. Kodi yake ya mapato inapanda kidogo, mpaka 5,387, na jumla inakuwa 16,691, asilimia 20.9. Anakuwa wa kwanza kwa nafuu. Swali la "wapi nafuu" limejibiwa na kazi ya mzazi wake.

Kabla ya kumhukumu Berlin, tazama kilicho ndani ya kila fungu. Katika ile 11,304 ya Houston, sehemu kubwa ni pensheni ya Social Security. Ukifikisha pointi 40, kwa kawaida miaka 10 ya kazi, una haki ya kulipwa uzeeni. London nako mwaka unahesabika, na miaka 10 ndiyo kiwango cha chini. Mfasiri wa Berlin katika hesabu yetu hajaweka hata yuro moja ya uzee, kwa hiyo mwongezee mstari. Upande wa pili, yeye akilazwa hospitali halipi zaidi ya yuro 10 kwa siku, wakati mpango wa bima wa soko la Marekani mwaka 2025 ungeweza kumdai mtu mmoja hadi dola 9,200 kwa mwaka juu ya ada ya kila mwezi.

Waandishi, wasanii, wabunifu wa michoro na wafasiri wa fasihi walioko Ujerumani waombe kwanza kuingia Künstlersozialkasse, mfuko wa hifadhi ya jamii wa wasanii na waandishi. Ukikubaliwa unalipa nusu tu ya afya, uangalizi na pensheni, kama mwajiriwa. Kwa kundi hilo hakuna nafuu nyingine Ujerumani inayokaribia hii, na hailetwi nyumbani; lazima uiombe.

Hatua ya 4: VAT na kodi ya mauzo

Nunua kompyuta Berlin kwa yuro 1,190. Ndani yake kuna VAT ya asilimia 19, yuro 190, na ukiwa umesajiliwa unarudishiwa. Nunua Houston kwa dola 1,000: unalipa kodi ya mauzo ya asilimia 8.25, dola 82.50, na hairudi. Unaihesabu tu kama gharama. Ndiyo maana asilimia kubwa ya VAT haimaanishi mzigo mkubwa kwa biashara inayouzia biashara nyingine. Inauma kwa anayemuuzia mteja wa mwisho, kinyozi kwa mfano, kwa sababu bei ya ubaoni Ulaya tayari ina VAT. Ukiandika yuro 25 za kunyoa, zako ni 21 tu.

Viwango vya kawaida katika Umoja wa Ulaya vinaanzia asilimia 17 Luxembourg hadi 27 Hungary. Vizingiti vya kusajiliwa ndivyo vya kuviangalia. Uingereza ni mauzo ya pauni 90,000. Ujerumani tangu 2025, uko huru kama mwaka uliopita hukuvuka yuro 25,000 na mwaka huu hujavuka 100,000. Ukivuka 100,000 katikati ya mwaka, ankara ileile iliyokuvusha inatakiwa iwe na VAT. Ukiwauzia watu binafsi wa nchi nyingine za Umoja bidhaa au huduma za kidijitali zaidi ya yuro 10,000 kwa mwaka, unatoza VAT ya nchi ya mteja na kuilipa kupitia dirisha moja, OSS.

Marekani, majimbo 45 na Washington D.C. yana kodi ya mauzo, na kila moja ina sheria zake kuhusu kinachotozwa. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2018 katika kesi ya South Dakota na Wayfair, jimbo linaweza kukudai ukusanye kodi hata kama huna ofisi huko. Kizingiti cha kawaida ni mauzo ya dola 100,000 ndani ya jimbo hilo. Muuza duka la mtandaoni anaweza kujikuta anajaza ritani za majimbo kumi na matano. Kwa hili, Ulaya na dirisha lake moja ni nafuu ya wazi.

Fungua akaunti ya pili benki na uhamishie VAT siku ileile ankara inapolipwa. Biashara nyingi zinazokwama na ofisi ya kodi zilikuwa na faida nzuri tu. Zilikula pesa ya VAT.

Hatua ya 5: Mfanyakazi wa kwanza

Hapa Marekani inaiacha Ujerumani mbali. Kwa mshahara wa 40,000:

Houston, mwajiri anaongeza asilimia 7.65, yaani dola 3,060, pamoja na kodi ya ukosefu wa ajira ya serikali kuu, kwa kawaida dola 42, na ya jimbo. Bima ya afya hulazimiki kuitoa mpaka ufikishe wafanyakazi 50 wa muda wote. Ila usipoitoa, wazuri watakwenda kwa anayeitoa.

Berlin, mwajiri anaongeza karibu asilimia 21, yuro 8,400 hivi, bado bima ya ajali kazini. Akiugua, unamlipa mshahara kamili hadi wiki sita kwa ugonjwa mmoja. Mwajiri mdogo hurudishiwa sehemu kupitia mfuko anaouchangia.

London ni asilimia 15 ya kilichozidi pauni 5,000, yaani 5,250, na pensheni karibu 1,013. Lakini kuna msamaha wa hadi pauni 10,500 kwa mwaka unaofuta ile 5,250 yote. Kampuni ambayo mkurugenzi ndiye mwajiriwa pekee anayelipwa juu ya kizingiti haipati msamaha huo.

Hatua ya 6: Kampuni inayobakiza faida

Kama faida inarudi kwenye biashara, tazama kodi ya kampuni peke yake. Houston ni asilimia 21 ya serikali kuu; kodi ya franchise, ambayo Texas huzitoza kampuni, kwa 2025 haikudaiwa kwa mapato yasiyozidi dola milioni 2.47, ila taarifa ya kampuni bado unaiwasilisha kufikia tarehe 15 Mei. California inaongeza asilimia 8.84, ambayo inakatwa kabla ya ile ya serikali kuu, kwa hiyo jumla inakuwa karibu 28. Berlin ni 30.175, München 32.975. London ni 19 kwa faida isiyozidi pauni 50,000 na 25 kwa iliyozidi 250,000. Katikati, kila pauni inayoongezeka inatozwa 26.5. Ireland 12.5. Estonia haitozi mpaka utoe gawio, na hapo kwa 2025 inachukua 22 kwa kila 78 unazotoa.

Ukitaka pesa mfukoni, ongeza kodi ya gawio. Ya Houston, kwa mtu wa ngazi ya asilimia 15, jumla inakuwa 32.85. Ya Berlin, na kodi ya gawio ya 26.375, inakuwa karibu 48.6. Ndiyo sababu mwenye GmbH (kampuni ya Kijerumani yenye dhima ya kikomo) ndogo hujilipa mshahara kwanza na gawio baadaye.

Hatua ya 7: Weka tarehe kwenye kalenda, maana pesa hukwama hapa

Marekani unalipa kwa makadirio tarehe 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Ukiwa umelipa asilimia 100 ya kodi yote ya mwaka uliopita (110 kama kipato kilizidi dola 150,000) hutozwi adhabu ya kuchelewa, hata kama mwaka huu umepata maradufu. Tumia hiyo.

Uingereza, mwaka wa kwanza ni mtego. Mfasiri wetu wa London anadaiwa 13,889 tarehe 31 Januari 2027. Kisha siku hiyohiyo anadaiwa nusu ya malipo ya awali ya mwaka unaofuata, 6,944. Jumla 20,833 kwa siku moja, halafu 6,944 nyingine tarehe 31 Julai. Aliyetenga pauni 1,150 kwa mwezi kwa sababu ndiyo kodi yake, hafiki.

Ujerumani mtego ni uleule kwa sura nyingine. Ofisi ya kodi ikishapokea ritani ya mwaka wa kwanza inakudai deni la mwaka huo, na kukupangia malipo ya awali tarehe 10 za Machi, Juni, Septemba na Desemba. Barua hiyo ya kodi unaipeleka pia kwenye mfuko wa afya, nao wanarekebisha michango ya nyuma. Na usipoupelekea mfuko barua ya kodi ndani ya miaka mitatu, wanakuhesabia kiwango cha juu kabisa.

Kwa anayeendesha biashara akiwa Nairobi au Dar es Salaam

LLC ya Wyoming au Delaware inafunguliwa mtandaoni kwa siku chache. Ikiwa mmiliki ni mmoja na si mkaazi wa Marekani, kila mwaka ambao pesa imepita kati yako na kampuni, hata ule mtaji wa kuanzia, unawasilisha fomu 5472 pamoja na fomu 1120 ya kufunikia. Adhabu ya kutoiwasilisha inaanzia dola 25,000, hata kama kodi unayodaiwa ni sifuri. Na kazi unaifanya ukiwa nyumbani, kwa hiyo KRA au TRA bado wanakuhesabu kama mkaazi. Kadi ya ukaazi wa kidijitali ya Estonia ni vivyo hivyo: inakupa saini ya kielektroniki na njia ya kusajili kampuni, haikuhamishi kikodi.

Upande wa pili yuko mwenye uraia wa Marekani au green card aliyehamia Ulaya. Ritani ya Marekani anaendelea kuijaza popote alipo, na akaunti zake za nje zikifikisha jumla ya zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, anaziripoti kwa serikali ya Marekani kwa taarifa iitwayo FBAR. Akiwa Ujerumani au Uingereza, aombe cheti cha hifadhi ya jamii cha nchi anayochangia. Nchi hizo zina mkataba na Marekani, na cheti hicho kinamwondolea ile asilimia 15.3. Kinaombwa Ujerumani au Uingereza, hakiombwi IRS, na nakala yake inaambatanishwa na ritani kila mwaka.